Mashine ya kufulia na ya kukaushia (draya) zilizopandana ndani ya RV: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu nitume ile picha ya kabati letu la mashine hizi kwenye grupu la WhatsApp simu haitulii. Wengi mnaouliza ni manesi wa mikataba ya wiki 13 na madereva wa malori, watu mlioona bora mnunue RV, yaani nyumba ya magurudumu, kuliko kulipa apatimenti Dallas halafu mkataba ukiisha unaanza kufunga mabegi upya. Sisi tunaishi kwenye tela la futi 38, lile linalopanda mgongoni mwa pikap, wenyewe Wamarekani wanaliita fifth wheel, na huu mwaka wa tatu. Mashine nimefunga mwenyewe, isipokuwa umeme, na makosa nimeyafanya mwenyewe pia. Kwa hiyo najibu hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Kaka, kuna haja gani kweli? Si kuna laundromati, zile nyumba za kufulia kwa sarafu, kila kona?

Zipo, na kama unafua mara moja kwa wiki na uko peke yako wala usijisumbue, nenda huko na kitabu chako ukae. Sisi tuko wanne. Shemeji yenu anatoka wodini na skrabu (sare zake za kazi) ambazo hataki zikae kwenye kapu moja na nguo za mtoto hata nusu saa, watoto nao ndio hivyo, kila siku tope. Kwa wiki tulikuwa tunafua mizigo minne mitano, kufua na kukausha inakula kama dola 30, na Jumapili jioni foleni utadhani wanagawa unga. Hela inauma lakini mimi kilichonishinda ni lile saa tatu la kukaa na sarafu mfukoni nikimlinda mtu asitoe nguo zangu akaziweka juu ya meza.

Mashine gani inaingia? Naweza kununua ya kawaida ya dukani?

Ya kawaida ya Marekani sahau. Ile ina upana wa inchi 27 na draya yake inataka volti 240, RV nyingi hazina soketi ya hivyo. Unayotafuta ni ndogo ya upana wa inchi 24 kwa jina, ukiipima unakuta kama 23 na nusu, urefu kama inchi 33 na kitu kila moja, mlango uko mbele, na draya iwe ya volti 120. Hapo kwenye volti soma kibandiko kwa macho yako mwenyewe maana si kila draya ya inchi 24 ni ya 120, ziko nyingi za staili ya Ulaya ni ndogo vizuri zinakaa kabatini vizuri halafu ukigeuza nyuma unakuta 240. Kampuni inayojulikana sana kwa watu wa RV ni Splendide, wao wanatengeneza kabisa kwa ajili ya magari haya, lakini zipo na nyingine, muhimu ni hizo namba.

Zilizopandana maana yake ya kufulia chini draya juu. Usije ukageuza, ya kufulia ndiyo nzito na ndiyo inayotikisika.

Na ile moja inayofanya vyote viwili, inafua na kukausha humo humo?

Nzuri kwa mtu mmoja au wawili. Inachukua nafasi nusu. Lakini mzigo mmoja kuanzia kufua hadi kukauka unaweza kwenda saa tatu mpaka tano, na huwezi kufua wa pili wakati wa kwanza unakauka. Zaidi, kiasi cha nguo inachoweza kukausha ni kidogo kuliko inachoweza kufua, kwa hiyo ukijaza unatoa nguo zina joto na unyevu kama umezitoa kwenye sufuria. Kwa familia chukua mbili.

Nitajuaje kama RV yangu imeandaliwa tayari?

Fungua makabati yote ya chumbani, hasa lile la pembeni ya kitanda au la mbele kabisa puani. Kama imeandaliwa utakuta bomba mbili za maji zimezibwa vifuniko (ya moto na ya baridi), bomba la kutolea maji limezibwa pia, na soketi yake peke yake. Wakati mwingine na tundu la hewa la draya, wakati mwingine hawakutoboa. Mwenye duka atakwambia "iko tayari kabisa", wewe usiondoke bila kuona kwa tochi. Ya kwetu ilikuwa "tayari kabisa" na tundu la hewa halikuwepo.

Kama haikuandaliwa inawezekana pia, ila sasa unavuta maji, unavuta waya, unatafuta njia ya maji machafu, na hapo mimi ningefikiria mara mbili. Mashine yenyewe si kazi. Unaichomeka tu. Kazi ni kwamba nyumba yako ina magurudumu, kuta zake ni nyembamba, na ilijengwa na mtu aliyekuwa anahesabu kila kilo.

Nipime nini kabla sijatoa hela?

Hapa kaa kidogo maana ndipo watu wanapolia.

Kabati kwanza: upana, urefu, kina. Kwenye kina ongeza inchi nne nyuma kwa ajili ya mipira ya maji na bomba la hewa, mashine huwezi kuibana ukutani kama friji. Halafu fungua mlango wa mashine kwa akili yako, je, unagonga kitanda? Halafu funga slaidi, zile sehemu za tela zinazojitokeza nje, upime tena zikiwa ndani, kwa sababu kuna makabati ambayo slaidi ikirudi inakuja kusimama sentimita chache mbele yake na kama mashine imechomoza kidogo tu basi siku ya kuondoka utasikia mlio ambao hutausahau.

Kisha njia. Watu wote wanapima kabati, hakuna anayepima njia. Mimi nilipima kabati mara tatu na mlango wa nje mara moja nikaona safi, mlango inchi 28 mashine 23 na nusu, nini tena. Tukaibeba mimi na jirani mmoja Mmarekani mzee, tukapita mlango, tukapita jikoni, tukafika ngazi tatu za kupanda chumbani. Pale kuna kona. Upande wa kushoto kuna mlango wa bafu na kushoto zaidi kuna kile kishikio cha ngazi, na mashine ukiipindisha ili ipande, kile kichwa cha kufungia mpira wa maji nyuma yake kinagusa fremu. Nusu inchi. Tumesimama na kilo zaidi ya 60 mikononi, mzee ana miaka sabini na kitu, mimi nipo chini ya ngazi ndiyo mzigo wote umenilalia kifuani, na hakuna pa kuiweka kwa sababu ngazi ni nyembamba. Tukairudisha jikoni. Nikatoa mlango wa bafu kwenye bawaba, nikatoa kishikio cha ngazi, nikatoa na mlango wa mashine yenyewe (ni skrubu chache tu). Ikapita ikiwa na nafasi ya kupitisha karatasi.

Kwa hiyo kata boksi la kadibodi ukubwa wa mashine, tembea nalo kutoka nje mpaka kabatini. Boksi likikwama mashine nayo itakwama. Ukiona haiwezekani kabisa kuna watu wanatoa dirisha wanapitishia hapo, si mchezo lakini inafanyika.

Uzito nao ni wa kuwaza? Pikap yangu ni kubwa.

Ni wa kuwaza. Mashine ya kufulia kilo 60 hadi 70 na kitu, draya 30 hadi 40, jumla weka kilo 100 na ushee, na hiyo kabla hujaweka sabuni na nguo. Ndani ya RV, mara nyingi karibu na mlango, kuna kibandiko kinachosema mzigo unaoruhusiwa kuongeza. Isome. Kwenye fifth wheel kuna jambo la ziada, kabati la mashine mara nyingi liko mbele puani, maana yake karibu kilo zote hizo zinaenda kukaa kwenye pini, yaani mgongoni mwa pikap yako. Kama pikap ilikuwa imebakiza kilo 80 ndio umeshavuka. Pita kwenye mizani ya malori, ni dola chache, madereva mnazijua.

Umeme wa RV unatosha kweli?

Inategemea una plagi gani.

Plagi ya pini tatu ni ampi 30. Mara volti 120 unapata wati 3,600 kwa nyumba nzima. Plagi ya pini nne ni ampi 50 lakini zinakuja njia mbili, kila moja 50, kwa hiyo ni wati 12,000, tofauti si ndogo kama namba zinavyoonekana. Sasa draya ya volti 120 inavuta kama wati 1,400 hadi 1,500, sema ampi 12 au 13. Kiyoyozi cha juu ya paa kinavuta karibu hivyo hivyo. Hita ya maji ukiiwasha kwa umeme nayo hivyo hivyo. Jumlisha. Kwenye ampi 30 ukiwasha draya na kiyoyozi umefika ukingoni, mtoto akiweka popcorn kwenye maikroweve giza. Mwenye ampi 30 anaweza kukausha nguo, ila aishi kwa ratiba: hita weka gesi, kiyoyozi zima, Texas mwezi wa nane utaona mwenyewe kama familia itakubali.

Na hata kwenye ampi 50, soketi ya kabatini kwa kawaida ni moja, iko kwenye sakiti ya ampi 20. Kama mashine yako ya kufulia inachemsha maji yenyewe, ukiwasha zote mbili kwa pamoja breka inaruka. Ama fua baridi ama subiri, ama fundi akuvutie sakiti ya pili kama boksi la breka lina nafasi. Mimi nililipia ya pili, na hii ndiyo kazi pekee niliyomwachia fundi mwenye leseni. Waya wa ampi 20 ni namba 12, usikubali namba 14, ambao ni mwembamba zaidi, eti "itabeba tu".

Halafu onyo kwa wale mnaoegesha RV nyumbani kwa ndugu. Ukimwambia fundi umeme wa nyumba "nataka soketi ya ampi 30 ya RV", akaona ile plagi ya pini tatu, wengine wanadhani ni ya draya ya nyumbani wanakufungia volti 240. RV ya ampi 30 ni volti 120. Ukichomeka hapo unaunguza friji, tivii, maikroweve, kila kitu, kwa sekunde. Pima na mita kabla ya kuchomeka, au uwe na kile kifaa cha kulinda umeme kinachokaa kwenye nguzo ya umeme.

Maji ya kuingia yanaungwaje?

Rahisi. Bomba za plastiki za RV nyingi ni nusu inchi, unaweka koki mbili ndogo mwisho wake, moja ya moto moja ya baridi, halafu mipira ya mashine inafungwa pale. Nunua mipira iliyofumwa kwa chuma, si ile ya mpira mtupu. Hakikisha nje kwenye bomba la park (uwanja wa kuegesha RV) umeweka kirekebishi cha presha, kuna park presha yake inaweza kupasua viungo vyote. Na ukiwa unatoka kazini au safarini, funga koki zote mbili. Chini ya mashine tupia kale kakengele kanakolia kakiguswa na maji, kanauzwa kama dola 10, ketu kamelia mara moja tu, saa tisa usiku, na kalikuwa sahihi.

Na ya kutoka?

Mpira wa kutolea maji unaingia kwenye bomba lililosimama wima, chini yake kuna ile kona inayobaki na maji ili harufu ya tanki isipande. Mambo mawili. Mpira usiuzibe kabisa kwenye bomba kwa silikoni au tepu, uache upumue, la sivyo mashine inaweza kunyonywa maji yake yote ikawa inajaza na kumwaga bila kuacha. Na urefu wa bomba fuata kitabu cha mashine, likiwa fupi sana tatizo ni hilo hilo. Kama maji yanashuka kwa kukoroma na taratibu, bomba halina hewa, fundi ataweka valvu ndogo ya kuvuta hewa.

Sasa jua maji yanaenda tanki gani. RV nyingine zina matanki mawili ya maji ya sabuni, la jikoni na la bafuni, na mashine inaweza kuwa imeungwa popote. Njia yangu: weka rangi ya chakula kwenye ndoo ya maji, mimina kwenye bomba la mashine, nenda nje fungua valvu moja moja uone rangi inatokea wapi kwenye ule mpira wa maji machafu wenye kiungo cha plastiki inayoonyesha ndani.

Mashine ndogo ya mlango wa mbele inatumia galoni 10 hadi 15 kwa mzigo. Tanki letu ni galoni 40. Hesabu ya mizigo mitatu, na hujaoga bado. Ukiwa umeungwa kwenye mfereji wa maji taka wa park siku ya kufua fungua valvu ya tanki la sabuni iache wazi. Ya choo hapana, hiyo ifungwe muda wote, ukiiacha wazi maji yanakimbia yanaacha mengine na hutaki kujua mengine ni nini.

Mimi siku moja nilikuwa nimefunga ya sabuni kwa makusudi, maana ukimwaga la choo ni vizuri ubakize maji ya sabuni ya kusuuzia mpira. Nikasahau. Usiku shemeji yenu yuko zamu, nafua mzigo wa tatu, mtoto anatoka chooni ananiambia baba bafuni kuna mawingu. Nikajua anaota. Kwenda kuona, povu limejaa beseni la kuogea, jeupe limesimama limefika kwenye ukingo wa mlango wa kioo, na chini yake maji ya kijivu yanapanda taratibu kila mashine ikisukuma. Shimo la bafu ndilo la chini kuliko yote ndani ya RV kwa hiyo tanki likijaa yanarudia hapo. Nilikimbia nje na kandambili mguu mmoja. Siku hizi kwenye mlango wa mashine kuna karatasi, "VALVU?", mwandiko si wangu.

Draya lazima itobolewe ukuta?

Yenye kutoa hewa nje, ndiyo, na nje maana yake nje kabisa. Si chini ya tela, si kwenye stoo ya mizigo, si ndani kwa kisingizio cha kupasha joto wakati wa baridi. Unyevu wote wa nguo unatoka pale, ukibaki ndani ya kuta hizi nyembamba baada ya mwezi unaanza kuona madoa meusi ya ukungu pembeni ya dirisha.

Kutoboa ukuta ndiko kulikonitoa jasho kuliko yote, kwa sababu tundu la inchi nne na kitu ukilikosea haliondoki. Niligonga ukuta kusikia nguzo ziko wapi, nikatoa soketi ya jirani nikachungulia waya zinaelekea wapi, nikatoboa kwanza kitundu cha msumari kutoka ndani nikatoka nje kuona kimetokea wapi. Ukiwa nje angalia: slaidi ikifungwa haitakuja kugonga kifuniko? Si chini ya dirisha linalofunguka? Kisha nikabandika tepu ya wapaka rangi kwenye ukuta wa nje ili faiba isichanike, nikakata kwa msumeno wa kutobolea tundu la duara, taratibu, nusu kutoka nje nusu kutoka ndani. Kifuniko cha nje kiwe na kimlango kinachojifunga chenyewe, nyuma yake weka ule utepe mweusi wa butili unaonata, skrubu, halafu zungushia silanti ya RV, ile gundi ya kuziba maji. Maji yakiingia ukutani hapo ukuta unavimba na hiyo si kazi ya silikoni tena.

Bomba lenyewe liwe la chuma, inchi nne, fupi na lililonyooka kadri inavyowezekana. Kila elbo ya nyuzi 90 ihesabu kama umeongeza futi tano. Yale ya plastiki nyeupe yanayokunjamana usiyaguse. Maungio usipige skrubu, ncha zake zinakamata manyoya ya nguo ndani, tumia tepu ya alumini. Na chujio la manyoya safisha kila mzigo, si kila wiki. Mamlaka ya zima moto ya Marekani inataja kutosafisha draya kuwa ndicho chanzo kikuu cha moto wa draya majumbani, na RV ikishika moto hungoji gari la zima moto, unatoka na watoto tu.

Kabati nalo lisiwe sanduku. Draya inavuta hewa kabla ya kuitoa, kwa hiyo mlango uwe wa matundu au uuache wazi inapofanya kazi.

Usipotaka kutoboa, zipo draya zisizotoa hewa nje, zinageuza unyevu kuwa maji zinayamwaga. Zina bei na zinachukua muda, ila ukuta unabaki mzima.

Nikishaifikisha kabatini nifanye nini kwanza?

Toa zile bolti ndefu za nyuma za usafirishaji. Zimeshika ngoma isicheze njiani kutoka kiwandani. Ukiwasha bila kuzitoa mashine inatembea yenyewe, jamaa mmoja nimfahamuye ya kwake ilitoka kabatini ikafika kitandani. Zihifadhi, usitupe.

Sakafu: bonyeza kwa mguu. Ikicheza, weka plaiwudi ya robo tatu inchi kabati zima, ifunge kwenye mbao za chini. Kisha nyanyua tela lisimame sawa kwa jeki zake, na *baada ya hapo* ndio uweke pima maji juu ya mashine urekebishe miguu. Ukianza na mashine wakati tela limeinama umepima uongo. Miguu ifungwe sakafuni kwa vibano vyake, draya ipandishwe kwa kile kifaa cha kupandanishia cha kampuni hiyo hiyo, halafu draya ifungwe ukutani kwa mkanda au kibano, na skrubu ishike ubao. Ukuta wa RV wenyewe ni karatasi, kama hakuna ubao nyuma weka wako. Hapa usinielewe vibaya, hata isipotikisika ikiwa imesimama, barabara ya I-20 ina mashimo yake.

Ikikamua tela lote linatetemeka, ni kawaida?

Kidogo ndiyo, uko juu ya springi. Ikizidi shusha jeki zote, punguza mzunguko kutoka 1,200 hadi 800, na usifue kitu kimoja kizito kama blanketi peke yake. Sabuni weka ile ya povu kidogo, na kijiko kimoja viwili vinatosha. Sisi tumezoea kuona povu ndio tunaamini nguo imefuliwa, mashine hizi povu likizidi zinagoma.

Safarini naiachaje?

Tupu, milango imefungwa, koki zimefungwa. Na usifue gari likitembea, nimeulizwa hilo kweli.

Mkataba ukinipeleka Ohio au Minnesota wakati wa baridi?

Ukiwa unaishi ndani na joto limewashwa acha mlango wa kabati wazi usiku, maana kabati la puani liko mbali na hita. Ukiiacha RV bila joto, maji yanayobaki kwenye valvu na pampu yakiganda yanapasua. Kukausha bomba tu hakutoshi. Unavuta ile antifrizi ya waridi ya RV mpaka iingie kwenye mashine, uiwashe kidogo kwenye chaguo la maji ya moto kisha la baridi ili valvu zote mbili zipite, kisha uisukume itoke ili pampu nayo ipate. Ya waridi. Ile ya injini ya gari ni sumu, isikaribie bomba la maji unayokunywa.

Park watanikubalia?

Nyingi ndiyo, chache zinakataza, hasa zenye shimo la maji taka dogo. Uliza kabla ya kulipa mwezi. Ukiwa wa mwezi mara nyingi umeme unalipa kwa mita yako, draya utaiona kwenye bili.

Jumla ilikutoka shilingi ngapi?

Mashine zote mbili dola 2,300, fundi umeme 320, mabomba, kifuniko, plaiwudi, mikanda na silanti kama 210. Kwa zile dola 30 za kila wiki imejilipa kabla ya miaka miwili. Jirani aliyebeba ngazini nilimpikia pilau, hiyo siihesabu.

Mama anakuja na kanga zake, ziingie kwenye draya?

Usijaribu. Pamba ile inarudi ndani na rangi inachoka, na maneno utakayosikia si yale yaliyoandikwa kwenye kanga. Fua maji baridi, kamua kwa mzunguko mdogo, uanike ndani, kwa sababu park nyingi haziruhusu kamba nje. Sisi tumefunga kale kakamba ka kujikunja juu ya beseni la kuogea, tunafungua feni ya bafuni, asubuhi zimekauka.